Risasi za Kushindilia Nyumbani: Kutambua Kasoro Kutokana na Dalili Zake

Risasi iliyoshindiliwa nyumbani, yaani ganda lililokwisha kupigwa na kujazwa upya, inapogoma uwanjani, kosa lenyewe huwa lilitendeka siku nyingi nyuma, mezani, pengine saa tano za usiku wakati macho yameanza kuchoka na redio inaendelea kupiga muziki. Kwa hiyo anayetafuta chanzo asianze kuilaumu bunduki. Aanze na ganda lililotoka, alitazame kitako, ukuta, bega na shingo, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua hadi mahali ambapo mkono wake ulikosea. Katika miaka yangu ya kufanya kazi hii, mara nyingi zaidi kasoro imekuwa kwenye ganda na namna lilivyoandaliwa, na mara chache kwenye baruti. Lakini baruti inapokuwa ndiyo yenye kosa, hatari yake haina mfano, na ndiyo maana naanza nayo.

Kwanza niyaweke wazi maneno nitakayotumia. Risasi kamili ina vitu vinne: ganda la shaba ya njano, fataki iliyopachikwa kwenye kishimo cha kitako, baruti iliyomo ndani, na kichwa kinachoruka. Fataki ni neno lile lile walilolitumia wazee wenye magobore, na kazi yake haijabadilika: inagongwa, inatoa cheche, baruti inawaka. Umbo la chuma ambamo ganda hubanwa ili lirudie vipimo vyake ninaliita kalibu. Hata hivyo, mazoea ya gobore yaishie kwenye maneno. Baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo na husamehe kosa dogo, ilhali baruti ya kisasa isiyo na moshi hupimwa kwa uzito, kwa sehemu za greni moja, na greni moja ni miligramu 64.8 tu.

Ninaandika nikiwa Texas, na mwongozo huu unahusu Marekani, ambako sheria ya shirikisho haimdai leseni mtu anayeshindilia risasi za matumizi yake mwenyewe, ingawa humdai leseni ya utengenezaji anayetaka kuziuza. Majimbo yana masharti yao ya ziada. Ndugu zetu walioko huku kwa viza za muda, za masomo au za kazi, wajue kwamba sheria hiyo hiyo kwa kawaida huwakataza kumiliki silaha au risasi, isipokuwa katika hali chache kama vile kuwa na kibali halali cha uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu hakatazwi na kifungu hicho. Na kwa msomaji aliyeko Tanzania au Kenya, silaha na risasi huko zinaongozwa na vibali, kwa hiyo kinachofanyika bila kificho katika gereji ya huku kinaweza kumpeleka mtu mahakamani kule.

Mlio hafifu, bastola haipigi teke

Hii ndiyo dalili pekee ambayo jibu lake la kwanza ni kuacha kila kitu. Badala ya mshindo uliouzoea unasikia mlio kama wa puto lililotobolewa, mkono hausukumwi, na pengine moshi kidogo unatoka kwenye mtutu. Maana yake ni kwamba fataki iliwaka bila baruti, au ikiwa na baruti kidogo mno, na nguvu ya fataki peke yake imetosha kukisukuma kichwa kutoka kwenye ganda na kukiacha kimekwama ndani ya mtutu. Risasi inayofuata ikipigwa nyuma yake, mtutu utavimba au kupasuka.

Ubaya wa jambo hili ni kwamba mafunzo ya haraka ya bastola ya magazini yanamwongoza mtu kwenye maafa. Risasi dhaifu haina nguvu ya kurudisha nyuma mtelezo, yaani kile kipande cha juu cha bastola kinachoteleza, kwa hiyo bastola inaonekana kama imekwama tu, na mpigaji aliyezoea kupiga magazini kwa kiganja, kuvuta mtelezo na kuendelea anakuwa amepakia risasi nzima nyuma ya kichwa kilichoziba njia. Nimemwona mtu akizuiwa kwa kushikwa kiwiko, sekunde moja kabla. Ondoa magazini, fungua chemba, yaani chumba cha nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, hakikisha hamna kitu, ndipo uvue mtutu na kuutazama dhidi ya mwanga. Kichwa kilichokwama kinatolewa kwa ufito wa shaba na nyundo ndogo, taratibu, bastola ikiwa tupu. Ufito wa mbao unaweza kupasuka kwa urefu na kukwama pembeni ya kichwa, na hapo utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Chanzo karibu kila mara ni mkatizo. Katika mashine ya hatua nyingi, ambayo sahani yake huzunguka na kufanya kazi kadhaa kwa kila mvuto wa mkono, kitu kinakwama, mtu anarudisha mkono nusu, anazungusha sahani kwa kidole, na ganda moja linapita bila kupewa baruti. Au linapewa mara mbili, na hilo ni baya zaidi. Ganda la .38 Special, la rivolva, lilibuniwa mwaka 1898 kwa ajili ya baruti nyeusi, kwa hiyo ni kubwa mno kwa kipimo cha baruti ya kisasa, na kipimo cha mara mbili kinaingia humo bila hata kukaribia mdomo. Ndiyo sababu mimi huchagua baruti nyepesi yenye ujazo mkubwa, inayojaza zaidi ya nusu ya ganda, ili kipimo cha pili kimwagike mezani na kujishtaki chenyewe.

Anayetumia mashine ya hatua moja ana kinga nyingine, ambayo ni kibao cha matundu 50. Maganda yote yakishapewa baruti, unasimama juu yake na tochi na kutazama ndani ya kila moja, safu kwa safu. Jicho la mwanadamu ni zuri sana katika kuona kimoja kisichofanana na wenzake. Ganda lenye baruti ya juu kuliko jirani zake, au lenye giza hadi chini, linajitokeza mara moja. Usipachike kichwa hata kimoja kabla ya ukaguzi huo. Na ukikatizwa na simu au mtoto, ganda lililokuwa mkononi lirudishwe tupu na kuanza upya.

Fataki imegongwa lakini haikuwaka

Mtutu uendelee kuelekea kwenye shabaha kwa sekunde 30 kamili kabla ya kufungua chochote, kwa sababu mara chache fataki huchelewa kuwasha baruti. Muda huo ukipita, toa risasi na utazame alama ya pini inayoigonga fataki.

Alama ikiwa ya kina na ya kawaida, fataki yenyewe inatiliwa shaka, na swali la kujiuliza ni kama iliguswa na mafuta. Walioosha maganda kwa maji na kuyapachika fataki kabla hayajakauka, au waliopulizia mafuta ya kulainisha na kutoyafuta, wanajitafutia tatizo hili. Alama ikiwa hafifu, angalia kwanza kama fataki ilikuwa imeketi vizuri. Fataki inapaswa kuzama chini kidogo ya uso wa kitako, kati ya milimita 0.08 na 0.13. Ikibaki juu, pigo la kwanza la pini linatumika kuisukuma hadi iketi na nguvu inaishia hapo. Ndiyo maana risasi ya namna hiyo mara nyingi hulia inapopigwa tena, na mtu anaondoka akidhani fataki zake ni mbovu. Ukipitisha ncha ya kidole juu ya kitako cha kila risasi, utaihisi iliyochomoza kabla jicho halijaiona. Kishimo cha fataki kilichojaa masizi ya zamani ndicho chanzo cha kawaida cha kutozama.

Kama alama ni hafifu na fataki zote zimezama sawasawa, sasa bunduki iruhusiwe kulaumiwa: springi ya pini imechoka, au njia ya pini imejaa grisi iliyoganda.

Fataki inakataa kuingia

Hapa sababu ni chache. Maganda ya kijeshi, hasa ya milimita 5.56 na 7.62, hubanwa ukingo wa kishimo ili fataki isitoke, na mbano huo lazima uondolewe kwa kifaa chake kabla ya kupachika fataki mpya. Maganda ya .45 ACP yanatengenezwa na vishimo vya saizi mbili, kubwa na ndogo, na yakichanganyika kwenye ndoo moja utajua tu pale mkono wa mashine utakapogoma. Usilazimishe kamwe, fataki inayobanwa kwa nguvu inaweza kulia, na katika mashine yenye bomba la fataki mia moja italia pamoja na wenzake. Miwani ya kinga ivaliwe muda wote.

Ganda lenye matundu mawili madogo ndani badala ya moja la katikati ni la mfumo wa Berdan, na halifai kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani. Cha kuchekesha ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani na mfumo wake ukashika Ulaya, wakati Boxer, Mwingereza, ndiye ambaye mfumo wake unatumika Marekani nzima.

Risasi haiingii vizuri kwenye chemba

Hili ndilo lalamiko la kila mtu anayeanza na bastola ya milimita 9, na pia ndilo ambalo watu hulitibu kwa kubahatisha, wakizungusha kalibu hii kidogo na ile kidogo hadi hawajui tena walianzia wapi. Kuna njia bora, na haihitaji zaidi ya kalamu ya wino mweusi.

Vua mtutu kwenye bastola, uushike ukiwa umeelekezwa chini, na uiachie risasi moja idondoke ndani ya chemba. Iliyo sawa inatoa mlio wa "tok", inazunguka kwa kidole bila kukwaruza, na inatoka yenyewe ukigeuza mtutu. Iliyogoma ipake wino mweusi kuanzia kitako hadi kwenye kichwa, iache ikauke, idondoshe tena, izungushe mara mbili, itoe na uitazame. Mahali wino ulipokwanguka ndipo ugonjwa ulipo.

Wino ukitoka kwenye mdomo wa ganda pande zote, mdomo uliotanuliwa ili kupokea kichwa haujarudishwa. Kalibu ya kubana ishushwe kidogo tu, hadi kalipa, kile kipimio chenye taya mbili, isome si zaidi ya milimita 9.65 mdomoni, ambacho ndicho kipimo cha juu kinachokubalika. Wino ukitoka kwenye kichwa chenyewe, mbele ya mdomo wa ganda, kichwa kimekaa mbele mno na kinagusa mifereji ya mtutu, hata kama urefu wa jumla uko chini ya milimita 29.69 zinazoruhusiwa. Vichwa vya mduara mnene hugusa mapema kuliko vichwa vyenye ncha, kwa hiyo urefu uliofaa kwa kichwa kimoja haufai kwa kingine, na kichwa kikizamishwa zaidi lazima kitabu cha vipimo kisomwe upya kwa sababu shinikizo linapanda. Wino ukitoka upande mmoja tu, chini kidogo ya mdomo, kichwa kiliingia kikiwa kimeinama na kimevimbisha ukuta wa upande huo. Tanua mdomo kidogo zaidi na ukiweke kichwa wima kabla ya kuvuta mkono. Wino ukitoka karibu na kitako, kalibu ya kusawazisha haijashuka vya kutosha, au ganda lilitoka kwenye bastola yenye chemba pana.

Kumbuka kwamba risasi ya milimita 9, kama ile ya .45 ACP, huzuiliwa ndani ya chemba kwa mdomo wake. Mdomo ukikunjwa ndani kama inavyofanywa kwa risasi za rivolva, hauna tena mahali pa kusimama. Kwa risasi hizi tunabana kwa mteremko mdogo, na kazi ya mbano huo ni kuondoa mtanuko tu. Kinachokishikilia kichwa ni ukuta wa ganda.

Kichwa kinarudi ndani ya ganda

Jambo hilo la ukuta linatuleta kwenye kasoro isiyopiga kelele. Pima urefu wa risasi, isukume kwa nguvu ncha ikiwa imeelekea ukingo wa meza ya mbao, ipime tena. Ikiwa imefupika, ganda halikishiki kichwa, na kila mara risasi hiyo itakapogonga ngazi ya kulishia ndani ya bastola itazidi kufupika. Katika ganda dogo kama la milimita 9, ambalo viwango vya SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani, vinaliruhusu kufikia pauni 35,000 kwa inchi ya mraba ilhali .45 ACP inaishia 21,000, kichwa kinaporudi nyuma kidogo tu nafasi ya baruti hupungua kwa sehemu kubwa na shinikizo linaruka.

Silika ya wengi ni kuongeza mbano. Ni kosa, kwa sababu shaba hurudi kidogo baada ya kubanwa ilhali kiini cha kichwa, ambacho ni madini laini ya risasi, hakirudi, na matokeo yake ni kichwa kinachocheza zaidi kuliko mwanzo. Tazama badala yake kama kitanuzi cha mdomo kimezama kupita kiasi, kama vichwa ni vyembamba kuliko inavyotakiwa, au kama ganda lina kuta nyembamba na limetumika mara nyingi.

Ganda limekwama kwenye kalibu

Lilinipata na ganda la bunduki ya .30-06, nikiwa na umri wa kutosha kujua. Nilikuwa nimepaka mafuta maganda kumi, nikayapanga, nikatoka kufungua mlango, na niliporudi nikachukua la kumi na moja kutoka kwenye rundo lingine. Mkono wa mashine ulishuka kwa uzito ambao nilipaswa kuutambua. Nilipouinua, kishikizo cha chini kilichana ukingo wa ganda kipande kwa kipande kama mtu anayemenya chungwa, na ganda likabaki juu.

Ganda la bastola linapita kwenye kalibu ya kabaidi, iliyo ngumu kuliko chuma cha kawaida, likiwa kavu, lakini ganda la bunduki lenye bega halipiti bila mafuta, hata moja. Ukiuhisi uzito usio wa kawaida, simama katikati na urudishe. Ukipita nusu tu, umechelewa. Kulitoa ganda lililokwama hakuhitaji ufundi mkubwa: legeza ufito wa kitanuzi kadiri uwezavyo, toboa kitako kwa keekee, chonga uzi ndani ya tundu, weka pete nene ya chuma juu ya mdomo wa kalibu, pitisha bolti na uikaze. Bolti inavuta ganda nje polepole, na wakati mwingine linaachia kwa mlio utakaokutisha. Hayo yafanyike tu ganda likiwa halina fataki wala baruti.

Mafuta mengi nayo yana dalili yake: vishimo laini kwenye bega, kama vya bati lililobonyezwa kwa kidole gumba. Mafuta hayabanwi, kwa hiyo yakijaa kwenye bega la kalibu ni ganda linaloingia ndani. Vishimo vidogo hunyooka risasi inapopigwa. Mchanganyiko wa lanolini na alkoholi, uliopuliziwa na kuachwa alkoholi ipae, huacha utando mwembamba wa kutosha.

Ganda linapasuka

Ufa mdogo kwenye shingo, kwa urefu, ni uzee. Shaba ya maganda, ambayo ni sehemu 70 za shaba nyekundu kwa 30 za zinki, inakuwa ngumu kila inapotanuliwa na kubanwa, na mwishowe inapasuka. Tupa ganda hilo, na yale yaliyokuwa nalo tangu mwanzo yatazamwe kwa makini. Kulainisha shingo kwa moto kunarefusha maisha yao, lakini moto usikaribie kitako kamwe, kwa sababu kitako kilicholainika hakiwezi kustahimili shinikizo.

Ufa wa mzunguko, karibu na kitako, si uzee. Ni kosa la mshindiliaji. Bega la ganda likisukumwa nyuma kupita kiasi na kalibu, ganda linakuwa fupi kuliko chemba. Pini inaligonga, linasogea mbele, kuta zake zinajishika kwenye chemba kwa shinikizo, kisha kitako kinanyooshwa kurudi nyuma hadi kwenye bolti, yaani komeo la bunduki linalofunga chemba. Shaba inakonda pale pale kila mara, pale ukuta mnene unapokutana na mwembamba, hadi siku ganda linapokatika vipande viwili na gesi ya moto kutafuta njia kuelekea usoni mwa mpigaji.

Dalili ya nje ni pete inayong'aa, lakini pete inadanganya, kwa kuwa kalibu yenyewe huacha alama inayofanana nayo. Ushahidi uko ndani. Nyoosha kibanio cha karatasi, kunja ncha yake milimita mbili na uinoe, ishushe hadi chini ya ganda, kisha uivute juu taratibu ikikwaruza ukuta. Kwenye ganda zima inapanda bila kusita. Kwenye ganda lililokonda inadondokea kwenye mfereji na kukwama, na mkono unaijua mara ya kwanza tu.

Tiba ni kuacha kufuata kwa upofu lile agizo la kushusha kalibu hadi iguse kishikizo na kuongeza robo mzunguko. Pima bega la ganda lililotoka kwenye bunduki yako, kwa kipimio kinachofungwa kwenye kalipa, halafu ushushe kalibu hadi bega lirudi milimita 0.03 hadi 0.05 kwa bunduki ya bolti, na takribani maradufu ya hapo kwa inayojipakia.

Dalili za shinikizo kubwa

Bolti inayohitaji kupigwa na kiganja ili ifunguke, alama ya duara inayong'aa kwenye kitako pale shaba ilipobonyezwa ndani ya tundu la kitoa ganda, fataki iliyotoboka, kishimo cha fataki kilicholegea baada ya kupigwa mara moja au mbili: yoyote kati ya hizi inatosha kufunga kazi ya siku hiyo. Fataki iliyokuwa bapa peke yake haithibitishi kitu, kwa maana inaweza pia kusababishwa na lile bega lililorudishwa mno. Na kwenye bastola usisubiri fataki ikuonye. Shinikizo linalotosha kuibapaza limeshavuka mbali kiwango cha bastola nyingi.

Katika kutafuta chanzo, jiulize ni nini kilichobadilika tangu risasi za mwisho zilizokuwa salama. Fataki ya aina nyingine, vichwa vya mtengenezaji mwingine vyenye uzito ule ule, kopo jipya la baruti ile ile, maganda yenye kuta nene zaidi: kila kimoja kinatosha kupandisha shinikizo, na kila kimoja kinamlazimu mtu arudi kwenye kipimo cha kuanzia cha kitabu na kupanda upya. Joto nalo limo. Risasi zilizoachwa kwenye gari mwezi wa Agosti hapa Texas si zile zile zilizopigwa mwezi wa Januari.

Chanzo kimoja husahaulika: urefu wa ganda. Shaba hutiririka kuelekea mbele, na ganda la .308 Winchester likizidi milimita 51.18 mdomo wake unaweza kujikita mwishoni mwa chemba na kukibana kichwa kisiachie. Lipunguzwe hadi milimita 50.93 kila linapokaribia mpaka, na lipimwe baada ya kusawazishwa, kwa kuwa kalibu hulirefusha.

Vipimo vya baruti vinayumba

Kabla ya kulaumu kipimio, yaani kifaa kinachomimina baruti, ilaumu mizani. Jioni moja nilimimina baruti kwenye sahani ya mizani mara ishirini na mizani ikanipa majibu ishirini, hadi nilipoona utepe wa karatasi ukipepea mezani: feni ya dari ilikuwa inazunguka. Nilipoizima, tofauti ya greni 0.2 ikatoweka. Mizani ya kielektroniki huyumbishwa pia na simu iliyo karibu, betri iliyochoka na kutopashwa moto kwa dakika kadhaa baada ya kuwashwa. Jiwe la kupimia lenye uzito unaojulikana, likiwekwa kila baada ya maganda kumi, linamaliza ubishi.

Mizani ikiwa salama, tazama baruti. Ya punje ndefu kama vijiti hukatika ndani ya kipimio na kujenga daraja kwenye mdomo mwembamba, kipimo kimoja kikapungua na kinachofuata kikazidi, wakati ya punje za mviringo hutiririka kama mtama. Kwa ile ya vijiti mimi hutoa pungufu na kumalizia kwa mkono juu ya mizani. Umeme tuli unaogandisha punje ukutani huisha ukipangusa bomba kwa ile karatasi inayotiwa kwenye mashine ya kukaushia nguo.

Mezani pasiwepo kopo la pili la baruti, hata lililofungwa. Baruti iliyobaki kwenye kipimio usiku kucha bila lebo haina jina asubuhi, na isiyo na jina haitumiki. Vivyo hivyo kopo linalotoa harufu kali ya asidi au mvuke mwekundu linapofunguliwa. Hiyo imeoza, na itolewe nje ya nyumba siku hiyo hiyo.

Matundu ya pembeni kwenye shabaha

Tundu lenye umbo la kichwa kilichopita ubavu linaonyesha kwamba kichwa hakikuzunguka imara. Kwenye bastola, ng'oa risasi moja na ukitazame kichwa: pete iliyozama kwenye utando wake wa shaba inathibitisha mbano uliozidi. Kwenye bunduki ya .223 huenda kichwa ni kirefu mno kwa mtutu, kwa sababu mifereji inayozunguka mara moja katika inchi 12 ilikusudiwa vichwa vya greni 55 na haiwezi kuvituliza vya 69.

Kundi zima lenye shaka

Ukishagundua kosa moja kwenye kundi la risasi 200, na huwezi kusema kwa hakika liliingia wapi, zote 200 zibomolewe. Kuzipima uzito ili kutafuta iliyokosa baruti hakusaidii kwa bastola, kwa sababu tofauti za maganda na vichwa zinaweza kuuzidi uzito wa baruti yenyewe. Nyundo ya kung'olea vichwa, ile ya plastiki inayoshika risasi kwa kitako na kugongwa kwenye gogo, inatoa kichwa na baruti kwa mapigo mawili au matatu. Kwa risasi za bunduki kibano cha kung'olea kinachofungwa juu ya mashine kinakwenda haraka zaidi.

Andika kwenye kisanduku vichwa vilivyong'olewa, na uvitumie kwa mazoezi tu iwapo vina mikwaruzo. Maganda yenye fataki hai yanaweza kutumika tena kama yalivyo, bila kuitoa fataki. Baruti ikiwa unaijua kwa yakini, na haikuchanganyika na nyingine wala na taka za nyundo, irudi kwenye kopo lake. Vinginevyo tandaza kidogo kidogo kwenye bustani, ambako nitrojeni yake italishwa nyasi. Kisha nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chakula, kwani vumbi la fataki na la vichwa lina madini ya risasi, na risasi hiyo haihitaji mtutu ili imdhuru mtu.